Metro: neno lililotoka London na London ikalikataa

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri aya fupi kuhusu usafiri jijini Paris. Haikuwa aya ngumu hata kidogo. Kilichotukwaza ni neno moja tu, metro. Kundi kubwa liliandika "treni ya chini ya ardhi", kama wafanyavyo watangazaji wetu wengi. Wachache waliliacha neno lenyewe jinsi lilivyo, hawakuligusa. Mwanafunzi mmoja, binti apendaye kuketi nyuma kabisa, akaandika "reli ya jiji". Wenzake wakamwangulia kicheko. "Mwalimu, kwani reli ya jiji si ile ya Syokimau?" akauliza mmoja, na darasa zima likavunjika mbavu.

Sikumkata alama yule binti. Niliwaahidi jibu wiki ifuatayo, nikidhani nitalipata kwenye kamusi kabla chai haijapoa. Kumbe sivyo. Jibu lenyewe limo ndani ya njia moja ya reli iliyofunguliwa London mwaka wa 1863, na historia yake ina mambo ambayo kamusi haina nafasi nayo.

Tuanze na neno. Metro ni kifupisho, na mzizi wake ni Kigiriki: meter, yaani mama, na polis, yaani mji. Kwa Wagiriki wa kale, metropolis ulikuwa mji uliozaa miji mingine. Watu wa Corinth walipovuka bahari na kuanzisha Syracuse katika kisiwa cha Sicily, Corinth ukawa mji mama wa Syracuse. Karne zilivyosonga, maana ikapanuka hadi ikawa mji mkubwa wowote unaotawala mingine. Kiswahili hakikupitia njia hiyo. Neno letu jiji ni ukubwa wa mji, kama vile jitu lilivyo ukubwa wa mtu. Mgiriki alitazama uzazi, sisi tukatazama kimo. Tunayo lugha mama na kampuni mama, ila mji mama hausikiki sana vinywani mwetu.

Sasa twende London. Kufikia mwaka wa 1851 jiji hilo lilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili, na hakuna jiji jingine duniani wakati huo lililolipita. Reli kubwa kutoka mikoani zilikuwa zimefika, lakini zilikomea pembeni: Paddington, Euston, King's Cross. Bunge halikutaka zipenye katikati. Basi abiria aliyetoka mbali kwa saa chache aliweza kupoteza saa nzima akipambana na mabasi ya kukokotwa na farasi, mikokoteni, wachuuzi na mifugo iliyokuwa ikipelekwa sokoni. Mkazi wa Nairobi aliyewahi kukwama kwenye msongamano saa kumi na moja jioni hahitaji kuelezwa zaidi.

Aliyeshikilia kwamba dawa ni kupitisha reli chini ya barabara alikuwa wakili, Charles Pearson, mwanasheria wa Baraza la Jiji. Hakuwa mhandisi, na wala reli yenyewe haikuwa shabaha yake ya mwisho. Pearson aliwatazama vibarua waliosongamana katika vyumba vya mitaa ya mabanda karibu na kazi zao, kwa sababu aliyeishi mbali alilazimika kutembea. Alisema, tangu miaka ya 1840, kwamba ikiwapo treni ya bei nafuu, kibarua ataweza kuishi nje ya mji penye hewa na nafasi, aje kazini asubuhi na kurudi jioni. Leo jambo hilo ni la kawaida mno hata hatulioni kuwa ni wazo. Wakati huo wengi walimwona mwotaji.

Kampuni iliyopewa kibali na Bunge mwaka wa 1854 iliitwa Metropolitan Railway. Hapa ndipo watafsiri tunapaswa kufungua macho. Jina hilo halisemi lolote kuhusu chini wala ardhi. London ya wakati huo ilikuwa na kitovu cha kale, kile kinachoitwa City hadi leo, chenye mipaka yake na serikali yake; halafu kulikuwa na ile London kubwa iliyokuwa imefurika kila upande. Maofisa waliiita hii kubwa the Metropolis. Polisi walioundwa mwaka wa 1829 kuilinda waliitwa Metropolitan Police, na ulinzi wa City haukuwahusu. Bodi ya ujenzi ya mwaka wa 1855 nayo ikaitwa Metropolitan Board of Works. Kwa hiyo Metropolitan Railway ilimaanisha tu reli ya London nzima, reli ya jiji. Yule binti wa nyuma alikuwa amegonga ndipo bila kujua.

Ujenzi ulianza mwaka wa 1860 chini ya mhandisi John Fowler, na kwa sehemu kubwa haukuwa wa kutoboa ardhi kama fuko. Vibarua walichimba mtaro mpana kando ya barabara, wakajenga kuta za matofali, wakaweka paa la tao juu yake, kisha wakarudisha barabara. Nikisema waliichimbia treni handaki, nasema kweli kwa maana ya kwanza kabisa ya neno hilo. Handaki tumelipata kutoka Kiarabu, khandaq, yaani shimo refu la kujihami. Wasomaji wetu wa pwani wanalijua kutokana na Vita vya Khandaq vya wakati wa Mtume. Baadaye Kiswahili kikalitwika pia maana ya njia iliyotobolewa mlimani, na leo maana hiyo ya pili karibu imeifukuza ya kwanza. Ila handaki la Fowler lilikuwa la ile ya kwanza: shimo lililofunikwa.

Upande wa magharibi njia ilifuata barabara pana, na nyumba hazikuguswa sana. Ilipofika King's Cross ikakunja kuelekea kusini, kupitia bonde la mto Fleet, mto uliokuwa umegeuzwa mfereji wa majitaka. Huko kulikuwa na makazi ya maskini. Sheria ilimlinda mwenye nyumba. Yeye alilipwa fidia. Mpangaji aliyelipa kodi kwa wiki hakuwa na dai lolote mbele ya sheria. Maelfu walifungasha na kuondoka, nao hawakuenda kwenye hewa safi aliyoiwazia Pearson. Walikwenda mtaa wa pili, wakaongeza msongamano katika vyumba vilivyokuwa vimejaa tayari. Lilikuwa jambo la ajabu: reli iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa mabanda ilianza kwa kuwabomolea mabanda. Nami nimeishi Nairobi vya kutosha kulijua tukio hili hata kabla ya kulisoma. Alama ya rangi nyekundu mlangoni, tingatinga alfajiri, na mwenye ploti ambaye ameshalipwa na hayupo.

Mto nao ukalipa kisasi. Mnamo Juni 1862 mfereji wa Fleet ulipasuka, maji machafu yakaingia katika handaki na kuharibu kazi. Wakaziba, wakaendelea. Pearson hakuyaona matunda ya kazi yake; alifariki Septemba mwaka uo huo, miezi minne kabla ya ufunguzi. Kampuni iliamua kumlipa mjane wake pauni 250 kila mwaka.

Umma uliruhusiwa kuingia Jumamosi, Januari 10, 1863. Njia ilikuwa na stesheni saba, kutoka Paddington hadi Farringdon, mwendo wa kilomita sita hivi. Siku hiyo moja ilibeba watu wapatao 38,000, na katika mwaka wa kwanza milioni tisa na nusu. Mabehewa yalikuwa ya mbao, yakiangazwa kwa taa za gesi. Na yaliyavuta nini mabehewa hayo? Injini za mvuke. Chini ya barabara.

Hapa Kiswahili kina cheko lake. Sisi tuliiita treni gari la moshi, kwa sababu moshi ndio ulioonekana kwanza ukija kwa mbali. Waingereza walitumia fedha na akili nyingi kuuficha moshi huohuo. Fowler alijaribu injini isiyo na moto wakati wa safari, iliyotegemea joto la matofali yaliyopashwa mapema. Ikashindwa vibaya hata watu wakaibandika jina la mzuka wa Fowler. Mwishowe zilitumika injini zenye matangi ya kurudisha mvuke kuwa maji. Mvuke ulipungua, ila moshi wa makaa ukabaki mule mule. Kamati ya serikali ilichunguza hewa ya handaki mwaka wa 1897, ikaelezwa habari za muuza dawa mmoja aliyekuwa akiwapa abiria waliotoka wakikohoa mchanganyiko wake maalumu, akiuita kwa jina la reli yenyewe. Umeme ulianza kuvuta treni hizo mwaka wa 1905. Kwa miaka arubaini na zaidi, basi, metro ya kwanza duniani ilikuwa garimoshi kwa maana isiyo na tashbihi wala istiari.

Wafaransa walikuwa wakitazama. Paris nayo ilihitaji reli ya ndani, ikabishana miaka mingi kwa sababu nyingine kabisa. Serikali kuu ilitaka njia zitakazounganisha reli kubwa za taifa zipite jijini. Baraza la Jiji lilitaka reli yake yenyewe, ya watu wa Paris, isiyoingiliwa na treni za mikoani. Baraza lilishinda. Likajenga mahandaki membamba, na mabehewa yake yakawa membamba vilevile, hivi kwamba treni kubwa ya taifa haingeweza kuingia hata ikitaka. Treni kubwa za Ufaransa zilipita upande wa kushoto. Hizi za jiji zikapita kulia. Na jina? Compagnie du chemin de fer métropolitain de Paris, kampuni ya reli ya jiji ya Paris. Kivumishi cha London kilikuwa kimevuka bahari tayari, na huku Paris kikapata maana nzito zaidi, kwa kuwa mzozo wote ulikuwa juu ya jambo hilohilo: reli hii ni ya nani, ya taifa au ya jiji?

Njia ya kwanza, kutoka Porte de Vincennes hadi Porte Maillot, ilifunguliwa Julai 19, 1900, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Mhandisi wake, Fulgence Bienvenüe, alikuwa na mkono mmoja. Mwingine aliupoteza katika ajali ya reli mwaka wa 1881. Treni zilitumia umeme tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hapakuwa na moshi wa makaa. Lakini umeme nao una moto wake. Agosti 1903 treni iliwaka katika njia ya pili, moshi ukajaa stesheni ya Couronnes, na watu 84 wakafa.

Neno métropolitain lina silabi nyingi kwa mtu anayekimbilia kazini. Waparisi wakalikata, likabaki métro. Lugha ya mtaani ndivyo ifanyavyo, wala haimwombi mwanaisimu ruhusa. Likiwa fupi hivyo likasafiri upesi: Madrid mwaka wa 1919, Moscow mwaka wa 1935, kisha kwingi mno. Cairo ilipofungua reli yake mwaka wa 1987, ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika, ikaiita metro ya mahandaki. Angalia walichofanya Wamisri: waliona kwamba metro peke yake haitaji handaki, wakaliongezea.

Na London je, mwenye neno? London haikulitaka. Huko watu walisema Underground, jina ambalo kampuni mbalimbali za reli za jiji zilikubaliana kulitumia kwa pamoja mwaka wa 1908. Njia za kina kirefu zilizotobolewa baadaye zikaitwa Tube. Msomaji wangu mwenye baiskeli asije akadhani ni tyubu ya gurudumu, ingawa kwa kweli asili ni moja: umbo la mviringo lenye uwazi ndani. Kampuni yenyewe ya Metropolitan ilijivuna mno kuwa kitu kimoja na hizo nyingine. Iliendelea kujenga reli nje ya jiji, ikanunua mashamba, na mwaka wa 1915 ikabuni jina Metro-land kwa ajili ya kuuza nyumba zenye bustani kando ya njia yake. Wazo la Pearson lilikuwa limetimia, ila kwa watu wengine. Waliohamia huko ni makarani na wenye mishahara. Mwaka wa 1933 kampuni ikamezwa na bodi moja ya usafiri ya London, na jina Metropolitan likabaki la njia moja tu katika ramani.

Panda njia hiyo leo. Utakuwa handakini hadi ukaribie Finchley Road, halafu utoke juani, na kutoka hapo hadi Amersham au Chesham utatazama paa za nyumba, miti na mashamba. Reli iliyoupa ulimwengu neno metro hupita juu ya ardhi kwa sehemu kubwa ya safari yake. Sasa niambie, mpenzi msomaji, "treni ya chini ya ardhi" inatafsiri nini hapo? Inatafsiri Underground. Haitafsiri metro. Tumechukua jina la Paris tukalipa maana ya London, kisha tukasema tumefasiri.

Wapo watakaosema natafuta unywele kwenye ugali. Ati kila mtu anaelewa, basi yatosha. Kuelewa kwataka nini? Mtafsiri wa riwaya akiandika kwamba mhusika alitazama ndege angani kupitia dirisha la treni ya chini ya ardhi, msomaji atasimama tu. Na zaidi ya hilo, tafsiri hiyo hutuonyesha shimo na kutuficha mwenye shimo. Swali lililowagombanisha Waparisi, la reli kuwa ya nani, limo ndani ya jina. Ukilifuta jina, swali nalo linakwenda.

Rai yangu ni kwamba metro libaki metro pale inapotajwa reli yenye jina hilo, kwa kuwa limekwisha kuwa neno la dunia na linakaa vizuri katika ngeli ya I-ZI. Pale maelezo yanapohitajika, "reli ya jiji" itatufaa. "Treni ya chini ya ardhi" tuiweke kwa treni iliyo chini ya ardhi.

Nitakubali kwamba kwa Mkenya "reli ya jiji" ina ukakasi fulani. Kwetu treni huitwa kwa inakokwenda: treni ya Syokimau, treni ya Ruiru, treni ya Kikuyu. Tena uhusiano wetu wa mji na reli umepinduka. London ilikuwepo kwa karne nyingi kabla ya kujizalia reli. Nairobi haikuwepo, reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka wa 1899, mwaka mmoja kabla ya Paris kufungua metro yake, ikaweka kambi na bohari penye maji baridi, na mji ukaota kandokando. Tukifuata Kigiriki kwa ukali, kwetu mama ni reli, na mji ndio mtoto.

Wiki ile niliyorudi darasani na maelezo haya, binti wa nyuma hakuonekana kufurahia ushindi wake. Aliinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, na wale waliobomolewa nyumba, waliwahi kuipanda hiyo treni?"

Sina orodha ya majina yao. Nilimwambia ninachokijua. Nauli ya daraja la tatu siku ya ufunguzi ilikuwa peni tatu kwenda tu. Mwezi wa Mei 1864 kampuni ilianzisha treni mbili za wafanyakazi, alfajiri na mapema kabla ya wenye ofisi kuamka, kwa peni tatu kwenda na kurudi. Mwaka uliofuata mwandishi Henry Mayhew alizipanda akaongea na vibarua waliokuwamo, nao wakamsimulia jinsi treni ilivyowaepusha na maili nyingi za kutembea kila siku. Akaandika hayo kwenye daftari lake. Binti naye akaandika kwenye lake.